Kipupwe Kiko Juu, na Kina Saa Zake

Nairobi ikifika Julai kila mtu hugeuka mtaalamu wa baridi. Makanga wanafunga madirisha ya matatu hata abiria wakikosa hewa, walinzi wa usiku wanavaa makoti mawili, na kazini hakuna mkutano unaoanza kabla ya malalamiko. Wingu linashuka, linakalia paa za Upper Hill, na linaweza kukaa hapo wiki nzima bila kutoa mvua wala kupisha jua. Ukipima lakini, usiku wetu hushuka hadi nyuzijoto 11 au 12 hivi. Kuna nchi ambako hali hiyo ingewatoa watu nje na kaptura. Siwacheki wenzangu. Nyumba zetu hazikujengwa kwa baridi, sakafu ni saruji tupu, na msimu huu huwa haupiti bila habari za familia iliyoingiza jiko la makaa chumbani, ikafunga dirisha, isiamke. Baridi yetu ndogo nayo inaua.

Lakini kipupwe chenyewe, kile cha ardhi kukakamaa kwa barafu na maji kuganda yakiwa yananing'inia mwambani, kiko safari ya saa nne tu kutoka katikati ya jiji, na wala hakingoji Julai. Mlima Kenya umekaa karibu kabisa na ikweta. Kule juu miezi haina nguvu sana. Zenye nguvu ni saa. Olov Hedberg, Mswidi aliyechunguza mimea ya milima mirefu ya Afrika Mashariki katikati ya karne iliyopita, alisema kwamba huko ni kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku. Wanasayansi wamelinukuu jambo hilo mpaka likachakaa. Mimi nililichukua kama ratiba. Kama kipupwe ni cha usiku, na sisi ni watu wa kwenda na kurudi siku moja, basi tulipaswa kukikuta kabla hakijafungasha.

Kwa nini basi Julai, kama miezi haina nguvu? Kwa sababu inayo kidogo, na hicho kidogo kinaonekana kwenye majabali. Kuanzia Juni hadi Septemba jua liko upande wetu wa kaskazini, kwa hiyo kuta za kusini za mlima zinakaa kivulini na barafu yake inakuwa ngumu. Desemba hadi Machi mambo yanageuka: kusini kunapigwa jua, kaskazini kunaganda. Wapandaji wa kamba wanajua hesabu hii vizuri. Mlima mmoja, na nyuso zake mbili zinapokezana kipupwe. Mimi si mtu wa kamba. Mimi ni mtu wa kutembea mpaka mahali ambapo ukuta unaonekana vizuri, nikae, nitazame, nirudi. Ndiyo maana tulichagua njia ya Naro Moru, upande wa magharibi, inayokupandisha hadi ukingo wa Bonde la Teleki ukawa uso kwa uso na ule upande wa kivuli.

Tulikuwa kundi la kazini pamoja na marafiki, tumekodi gari, na mimi nilimbeba binamu yangu wa Likoni, Mombasa. Ameletwa Nairobi na kazi na tangu Mei analala na soksi. Nilipomwambia tunakwenda kutafuta baridi alinitazama kwa huruma. "Dada," akasema, "baridi hii hapa haikutoshi?"

Nguo za kipupwe hazishonwi kwa ajili yetu, lakini zinatufikia. Fika soko la Gikomba alfajiri mabelo ya mitumba yanapofunguliwa, utakuta majaketi ya skii ya Ulaya yamelundikwa pembeni, maana wanunuzi wengi wanayaona mazito mno. Binamu alichukua moja la kamera kabisa, yaani daraja la kwanza, la rangi ya machungwa, na kwenye zipu bado kilikuwa kimening'inia kikaratasi cha kupandia lifti ya skii, kimeandikwa Kijerumani. Mwenyewe aliteleza kwenye theluji kwa raha zake, akalichoka, likavuka bahari. Binamu alikataa kukitoa kikaratasi. Alisema kina bahati.

Tukanunua pia sweta za sufu, boshori na glovu. Suruali za jinzi niliwakataza wote. Pamba ikilowa inashika maji na kukunyonya joto la mwili, na pale juu utalowa tu, kwa umande au kwa tope. Sufu hata ikiwa mbichi inakuhifadhi. Kuhusu viatu watu watabishana hadi kiama. Waongoza njia wengi wa Naro Moru wanavaa gambuti, na baada ya kuona tulichokiona, nawapa haki yao. Meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu na shoka la barafu hatukubeba, kwa sababu safari yetu iliishia chini ya barafu ya kudumu, na hilo tulikuwa tumelikata tangu Nairobi. Ukitaka kupita hapo, unahitaji vifaa, siku zaidi, na mtu wa kukufundisha kabla.

Tuliondoka saa saba usiku. Thika Road ilikuwa imejaa malori, Karatina imelala, na kuhusu barabara sina la kusema zaidi ya kwamba dereva alikuwa shabiki wa nyimbo za injili kwa sauti ya juu. Saa kumi na moja tulikuwa Naro Moru mjini, tumesimama kando ya Landrover mbili kuukuu, tukimsubiri mwongoza njia.

Alikuja mzee wa makamo, mwembamba, gambuti miguuni na kofia ya sufu iliyosukwa nyumbani. Sisi wa Nairobi tulimpa "habari ya asubuhi" na mikono. Binamu akainama kidogo: "Shikamoo, mzee." Mzee alinyamaza, akamwangalia kwenye mwanga wa taa za gari, kisha akasema, "Marahaba, kijana. Wewe si wa huku." Kuanzia hapo binamu akawa mtoto wake. Chai yake alimgawia, kiti cha mbele alimpa.

Kabla hatujaondoka alituweka sawa, bila kupaza sauti. Msituni tutembee pamoja kwa sababu kuna nyati na ndovu, na nyati ndiye mbaya zaidi. Kichwa kikimuuma mtu, aseme mara moja, asione haya. Na saa tano, popote tutakapokuwa, tunageuka. Mtu mmoja akauliza kama saa tano haiwezi kuwa saa sita. Mzee akaanza kupakia mizigo garini.

Geti linafunguliwa saa kumi na mbili. Liko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara inaendelea kupanda msituni kilomita kama kumi hadi Met Station, kituo cha hali ya hewa, kwenye mita 3,050. Watembezi wengi huanza na msitu kwa miguu, wakaja kumaliza na barafu. Sisi tulipindua. Tulipanda msitu kwa gari gizani tukiuachia mchana wa kurudi, kwa sababu msitu hauyeyuki. Saa moja kamili tulikuwa tumefunga kamba za viatu na pumzi zinatoka mdomoni kwa moshi. Binamu alipuliza, akatazama, akapuliza tena.

Juu ya kituo njia inapita kwenye kipande cha mwisho cha msitu. Hapa miti ni mifupi, imepinda, na gome lake jekundu linabambuka. Mzee aliuita mumondo. Kila tawi limevaa ndevu za kijani-kijivu zinazoning'inia hadi mabegani mwa mpitaji, na asubuhi ile ncha za ndevu zilikuwa zimeshika matone. Baada ya hapo vinaanza vichaka virefu vya erika, kisha mti unakwisha kabisa, na mbele yako unapanda mteremko mpana wa nyasi za mafungu. Hapo ndipo penye jina linalowatisha watu katika kila kundi la WhatsApp la wapanda milima: Vertical Bog. Ni kinamasi, ila hakikukaa bondeni kama vinamasi vyenye adabu. Kimeegemea mlima. Maji yanashuka chini ya nyasi mchana kutwa na udongo wake mweusi unameza mguu hadi gotini.

Ratiba yetu yote ilikuwa kwa ajili ya hapa. Sehemu ya chini ilitushika miguu kama kawaida yake, lakini kadiri tulivyopanda tope lilikuwa likikakamaa, na kufika nusu ya juu tulikuwa tunatembea juu ya kitu kigumu. Sakitu ilikuwa imelala juu ya nyasi, nyeupe, kila jani na ukingo wake. Vidimbwi vilikuwa na vioo vya barafu ambavyo mzee alivipita na kijana wa pwani akavikanyaga vyote, kimoja kimoja, kwa makusudi, akisikiliza. Mteremko ule unatazama magharibi; jua hulazimika kwanza kuuvuka mlima mzima, kwa hiyo kivuli kinakaa muda mrefu. Saa mbili na nusu bado tulikuwa usiku, kwa maana ya kule.

Mzee alinionyesha udongo. Palipokuwa hapana nyasi, ardhi ilikuwa imeota sindano. Nilichuchumaa. Zilikuwa nyuzi nyembamba za barafu, ndefu kuliko ukucha wangu, zimesimama bega kwa bega kwa maelfu, na kila moja imebeba kichwani chembe ya udongo au kijiwe. Maji yaliyomo ardhini yanavutwa juu usiku, yanaganda yakifika kwenye hewa, na yanayofuata nyuma yanaisukuma ile barafu iinuke. Jua likifika zinaanguka zote na udongo unashuka tena. Usiku unaofuata, vivyo hivyo. Sasa fikiria wewe ni mche mdogo uliotia mizizi hapo: kila usiku unang'olewa kidogo, kila asubuhi unaangushwa. Ndiyo maana ukitembea kule unakuta viraka vya udongo mtupu katikati ya nyasi nene, na unaweza kudhani ni ng'ombe waliochunga.

Mimea iliyoshinda kipupwe cha kila siku imeshinda kwa ujanja, na ujanja wake ni wa kuusimulia. Seneshio kubwa, ile inayosimama na shina nene na kichwa cha majani makubwa mithili ya kabichi, haidondoshi majani yake yaliyokufa. Inajifunga nayo shinani, tabaka juu ya tabaka, ili maji yanayopanda ndani yasigande. Jioni inakunja majani mabichi kuelekea katikati na kulificha chipukizi. Lobelia ya kwenye maeneo mabichi inafanya jingine. Majani yake yamepangwa kwa duara na katikati yake yameshika maji, maji mazitomazito yenye utelezi. Usiku juu ya maji hayo kunaganda kifuniko cha barafu, na chini yake maji yanabaki maji, na chipukizi limo humo, salama. Mzee alivunja kifuniko kimoja kwa kidole akamwambia binamu aguse ndani. Binamu aligusa, akavuta mkono, akasema, "Lakini si baridi kama juu!" Mzee akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Kuna ndugu yake lobelia huyo, wa miteremko mikavu, aliyechagua kuvaa manyoya tu. Huyo nilimwona mrembo zaidi, ingawa ukilinganisha akili, wa maji amemzidi.

Hapo katikati ya kinamasi ndipo tulipompoteza mmoja wetu, namaanisha kumrudisha. Kijana wa mazoezi, kifua kipana, ndiye aliyekuwa mbele tangu kituoni na kutuita wazee. Ghafla alikaa juu ya fungu la nyasi, akasema ni uchovu, kisha akatapika. Mzee alimuuliza kichwa kinamuumaje, akamwangalia anavyosimama, na hakujadiliana naye. Mpagazi mmoja aliondoka naye kurudi kituoni. Tulipowakuta baadaye alikuwa anakula mayai na amekasirika kwa kupona haraka hivyo.

Hili linawapata wengi wa safari za siku moja na watu hulieleza vibaya. Misuli haina la kukusaidia. Ukiwa mita 4,000 juu, kila pumzi inakuletea takriban asilimia 60 ya oksijeni ambayo ungeipata Mombasa kwa pumzi ileile, na mwili unahitaji siku kadhaa kujipanga upya. Mwenye mapafu ya mbio anaweza kuugua na bibi yake asiugue. Sisi wa Nairobi, kwenye karibu mita 1,700, tuna nafuu kidogo tu. Dawa ya uhakika ni kushuka, na kushuka mapema. Kundi linalomwambia mtu ajikaze kwa ajili ya picha, mimi silipandi nalo tena hata wakinilipia gari.

Saa nne kasoro tulitokea kwenye ukingo.

Nimejaribu mara kadhaa kuandika aya hii kwa utulivu. Bonde la Teleki liko chini yako, limejaa seneshio zilizosimama pekepeke, na mwisho wa bonde mlima umesimama wima bila mteremko wa kukuandaa. Batian, mita 5,199, kushoto. Nelion, mita 5,188, kulia. Majina hayo aliyaweka Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika kilele cha Batian mwaka 1899 na waongozaji wawili kutoka Ulaya, kwa heshima ya malaiboni, viongozi wa kiroho wa Kimaasai. Katikati ya vilele viwili kuna pengo, na pengoni pamekaa barafu, na kutoka kwenye barafu hiyo mfereji wa barafu unaanguka moja kwa moja kwenye mwamba: Diamond Couloir. Asubuhi ile ya Julai ulikuwa kivulini, rangi ya bluu iliyofifia, na mwamba mweusi kila upande. Nilikuwa nimeuona kwenye picha nyingi. Picha hazisemi kwamba kimya chake kina uzito.

Huo mfereji una historia ambayo kwetu haisimuliwi inavyostahili. Wa kwanza kuupanda walikuwa wawili, mwaka 1973: Phil Snyder, aliyekuwa msimamizi wa hifadhi ya mlima, na Thumbi Mathenge, askari wa hifadhi hiyohiyo. Tazama vizuri jina la pili. Njia ya barafu iliyokuja kutamaniwa na wapandaji wa dunia nzima, njia iliyo kilomita chache kutoka ikweta, ilifunguliwa na mikono ambayo miwili ilikuwa ya Mkenya. Shuleni tulifundishwa Krapf aliuona mlima mwaka 1849 akiwa Ukambani, jambo ambalo Wakamba waliomwelekeza walikuwa wameshalifanya kila asubuhi isiyo na mawingu. Tulifundishwa pia, na hili nashukuru, kuhusu Kisoi Munyao aliyepandisha bendera kileleni Lenana usiku wa uhuru, Desemba 1963. Mathenge sikufundishwa. Nilimkuta nikiwa mtu mzima, kwenye orodha ya njia za mlimani, herufi ndogo.

Na mfereji wenyewe unaondoka. Mzee anakumbuka ukiwa mweupe kutoka juu hadi chini. Sehemu ya chini sasa mara nyingi ni mwamba mtupu unaochuruzika maji. Hayo ni macho ya mzee, lakini vipimo vinamuunga mkono kwingineko mlimani. Barafu ya kudumu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote hapa na iliyopimwa kwa muda mrefu kuliko nyingi za ukanda wa tropiki, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Barafu ya Gregory haipo tena. Wakati wa Mackinder barafu za kudumu mlimani zilihesabiwa 18. Hewa kuwa na joto zaidi ni sehemu ya sababu, na ukavu ni sehemu nyingine: theluji haidondoki ya kutosha kuirudishia barafu inachopoteza. Binamu alisikiliza yote, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: kama usiku ni kipupwe daima, na bado barafu inaisha, mchana wa kule umekuwaje? Mzee alimjibu kwa Kikuyu, kidogo, kama anayejisemea. Hakututafsiria, na sisi tulioelewa hatukuongeza.

Karibu na tulipokaa, mwamba mfupi uliotona maji ulikuwa umeota pindo la vipande virefu vya barafu vinavyoning'inia, na jua ndiyo kwanza lilikuwa limeufikia. Tulikunywa chai ya chupa na kula chapati baridi tukivisikia vikianza kukatika. Kimoja, kimya, viwili. Chozi mmoja mwenye mkia mrefu alikuja kunyonya kwenye ua la lobelia hatua tano kutoka kwetu, kijani inayong'aa kupita kiasi kwa mahali pa namna hiyo. Pimbi walikuwa wamejipanga juu ya mawe wakiota jua, wanene, wenye manyoya mazito kuliko ndugu zao wa chini, na wanajua vizuri chapati ni nini.

Saa nne na nusu wingu la kwanza lilitoka bondeni likapanda kwenye kuta. Saa tano kasorobo Nelion haikuwepo. Watu wengi hufika pale saa sita, wanaona ukungu, na kurudi Nairobi wakisema mlima hauonekani. Unaonekana, ila una miadi na saa nyingine. Mchana jua likipasha misitu ya chini, hewa yenye unyevu inapanda, inapoa, inakuwa wingu, na hilo hutokea siku nyingi kwa mpangilio uleule. Saa tano mzee alisimama na kufunga begi. Yule aliyekuwa akitaka saa sita alisimama pia.

Kinamasi cha kushuka kilikuwa kingine kabisa. Ile ardhi iliyotubeba ilikuwa imefunguka. Tuliruka kutoka fungu la nyasi hadi fungu, na tukikosa tulizama. Mtu mmoja alitoa mguu bila kiatu na ikabidi watu wawili wakivue kutoka kwenye tope kwa fimbo. Jaketi la machungwa lilikuwa na matope hadi kwenye kikaratasi cha bahati. Sakitu hakuna, sindano hakuna, vioo hakuna. Jasho lilikuwa linanitiririka na sweta iko kiunoni, kwenye mteremko uleule niliokuwa natetemeka saa tatu zilizopita.

Kituoni kima walitupokea. Wanakaa juu ya paa wakisubiri mtu aweke begi chini, na alitokea.

Kisha msitu, kilomita kumi, tukiwa tumechoka na tukiwa na furaha. Barabara inashuka kwa mizunguko kwenye mianzi inayogongana juu, halafu inaingia kwenye miti mirefu, podo na mutarakwa, ambayo asubuhi tuliipita bila kuijua. Kinyesi cha ndovu kilikuwa kibichi katikati ya njia. Mzee alitembea mbele, akasimama mahali fulani akainua mkono, na sote tukasimama kwa dakika zisizopungua kumi tukitazama kichaka ambacho mimi sikuona ndani yake chochote. Kichaka kilitoa pumzi nzito. Matawi yalivunjika kuelekea bondeni. Mzee akashusha mkono. Hakuna aliyeongea hadi kona ya tatu.

Upande wetu wa kulia tulikuwa tunausikia mto Naro Moru, unaotoka Bonde la Teleki tulilolitazama asubuhi na kwenda kuungana na Ewaso Ng'iro, hadi nchi kavu za kaskazini. Maji yake mengi ni ya mvua na ya msitu huu kuliko ya barafu iliyobaki, na kwa sababu hiyo ukiniuliza ni kipi cha kuhangaikia kwanza mlimani, mimi naanza na miti. Barafu naiendea kwa kuwa inaisha.

Saa kumi kasorobo tulikuwa getini. Mzee aliagana na binamu kwa mikono miwili na kumwomba amletee nazi. Garini watu walilala kabla ya Kiganjo, isipokuwa yeye, aliyekuwa amelikunja jaketi mapajani na kulifuta kwa leso ya mtu.

"Dada. Ulisema Januari upande wa pili ndio unaganda?"

"Kaskazini, ndiyo. Unapandia njia ya Sirimon."

"Januari ni joto Nairobi."

"Ni joto."

Akafikiri mpaka Karatina. "Basi tutaondoka saa sita badala ya saa saba," akasema. "Na yule wa kima abebe begi lisilo na chakula."